Nani Anamsindikiza Nani

Hebu mwone Rukaya anavyoingia Handeni mjini Alhamisi asubuhi. Kaa upande ule wa maduka ya mbegu, ndipo utamwona vizuri. Kirikuu nyeupe inakuja polepole, mgongoni imebeba spika mbili kubwa kama makabati. Usukani kashika Yordani. Pembeni yake mama wa miaka arobaini na tisa, ushungi kaubana kwa pini mbili upepo usiupeperushe, maiki mdomoni, vumbi hadi kwenye kope. Lakini akifungua kinywa, hata mbuzi wa stendi wanasimama.

Kwa miaka kumi na moja huyu ndiye sauti ya Korogwe. Msiba umetokea Mpale, aitwe Rukaya. Chanjo ya kuku, Rukaya. Hakusomea popote. Siku moja sokoni alimwona mama analia kapotelewa na mwanawe, akampokonya muuza sumu ya panya kipaza sauti chake, akaita. Mtoto akapatikana chini ya meza ya dagaa, kalala fofofo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwacha arudi kuuza vitumbua vyake.

Spika, lakini, si zake. Ni za Abdulaziz, mwandaaji wa maonyesho, na kirikuu ni yake pia. Kwa matangazo ya misiba na ya waliopotea humwazima bila neno.

Safari hii Abdulaziz kaleta jambo jipya: bendi mbili za roki, zote mbele kasimama mwanamke, zinazunguka pamoja. Jumamosi mchana Korogwe, Jumapili Handeni. Moto wa Mkonge ni ya Korogwe, ya Hilaria, binti wa Hale; akigusa gitaa watu husema mtambo mzima wa umeme wa kwao Hale umepita vidoleni mwake. Radi Kavu ni ya Handeni, ya Naisenya, binti wa wafugaji, mwenye sauti ya kumrudisha ng'ombe aliyekwisha vuka bonde.

Karatasi aliyopewa Rukaya iliandikwa: "Moto wa Mkonge, wakisindikizwa na Radi Kavu." Akaisoma kama ilivyo. Tena katikati ya Handeni.

Leboo, kiongozi wa mashabiki wa Radi Kavu, akaisimamisha kirikuu kwa fimbo.

"Shikamoo, yeyo," akamwamkia kwanza, kama anavyomwamkia mama yake.

"Marahaba, mwanangu."

"Rudia hapo pa kusindikiza."

Rukaya akarudia.

"Naisenya asindikize? Hapa kwao? Anayesindikizwa ni mgeni akiondoka. Huyo Hilaria wenu kafika lini hata tumsindikize?"

"Tumsindikize hadi Korogwe, akae hukohuko!" akadakia mwingine, na vijana wakaangua kicheko.

Rukaya akaona yasiwe makubwa. Akageuza: "Radi Kavu, wakisindikizwa na Moto wa Mkonge!" Handeni ikalipuka kwa vifijo.

Chai yenyewe hajaimaliza, simu ikaita. Ni Muhsin, kinyozi wa Manundu, kulekule Korogwe, mtoto wa kaka yake.

"Shangazi, umetuuza."

"Nimewauza kwa nani tena?"

"Video iko kwenye grupu. Hilaria ndiye wa kusindikiza watu? Na wewe ni mtu wa Manundu! Wateja wangu wawili wameondoka nusu kichwa."

"Nusu kichwa?"

"Kwa hasira, shangazi!"

Rukaya akaitazama simu kama aitazamaye sufuria iliyomuunguza. Tangu lini mtu akakataa kunyolewa kwa sababu ya neno?

Ijumaa akajaribu "wakishirikiana na". Wakamuuliza kwa nini huyu katangulia. Akaamua kupokezanisha, mara jina hili kwanza, mara lile. Mashavu, mama lishe wa stendi ya Korogwe, shabiki wa Hilaria wa kutupwa, akakaa na bakuli la maharage akimhesabia. "Tisa kwa saba, mama! Nimeweka punje, njoo uhesabu mwenyewe!"

Kwa kuchoka, Rukaya akatangaza tu: "Njooni muone bendi mbili za akina dada!" Hapo ndipo pande zote mbili zikapatana, kwa mara ya kwanza, dhidi yake.

"Akina dada ndiyo nini, kikundi cha upatu?" akafoka Mashavu. "Hawana majina?"

Na mpiga ngoma wa Radi Kavu, Salaash, akapiga simu kwa upole mwingi. "Mama, samahani. Mimi nina ndevu."

"Mwanangu, hata mimi zitaniota wiki hii," akajibu, akakata.

Alasiri Abdulaziz akamwita. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha. "Rukaya, lalamiko moja tu tena, natia sauti ya kurekodi. Mashine haina upande."

"Na misiba?"

"Nayo itarekodiwa."

"Na mtoto akipotea? Mashine itamjua kavaa nini?"

Abdulaziz hakubadili neno.

Jioni ile Rukaya alikwenda kumlilia shida jirani yake, Mwaija. Walipomaliza, Mwaija akamsindikiza hadi mlangoni kwake. Maneno hayajaisha, Rukaya akamrudisha Mwaija hadi kwake. Yakabaki machache, Mwaija akamsindikiza tena. Mara ya nne harufu ya mchuzi aliouacha Rukaya jikoni ikawafikia njiani.

"Rudi, mwenzangu, unaungua huo!" akasema Mwaija. "Tutasindikizana mpaka lini?"

Rukaya akasimama katikati ya njia. "Umesemaje?"

"Nimesema mchuzi unaungua."

"Si hilo. Lile la kusindikizana."

Mchuzi uliungua kweli, na hakuujali.

Jumamosi mchana uwanja wa Korogwe ulijaa. Wa Korogwe kushoto, wa Handeni kulia, katikati nafasi ya kupita ng'ombe. Nyuma ya jukwaa Hilaria na Naisenya walikaa juu ya sanduku moja, wakigawana hindi la kuchoma, wakicheka mambo yao. Rukaya akashika maiki.

"Watu wa Korogwe! Watu wa Handeni! Leo hakuna anayemsindikiza mwenzake. Leo wanasindikizana!"

Leboo akamtazama Muhsin. Muhsin akamtazama Leboo. Kisha uwanja wote ukapiga kelele, na kule pembeni Abdulaziz akatabasamu. Rukaya akashusha pumzi aliyoibana tangu Alhamisi.

Ndipo Mashavu akasimama na upawa wake. "Akina nani hao wanaosindikizana?"

"Wataje, yeyo!" akaita Leboo.

"Anza, shangazi!" akaita Muhsin.

Uwanja ukatulia tuli, unasubiri jina la kwanza. Tabasamu la Abdulaziz likafifia, mkono wake ukaenda kwenye swichi ya ile mashine.

"Mama, taja yeyote tupande, jua linatuua!" akasema Naisenya kutoka nyuma, mdomo umejaa hindi, na Hilaria akaitikia kwa kichwa. Hakuna shabiki aliyewasikia.

Rukaya akaisogeza maiki mdomoni. Sasa wewe uliyefuatana naye tangu Handeni, kinywa ni kimoja na majina ni mawili: ungemwambia aanze na lipi?