Felisa Ahamia Ng'ambo ya Barabara

Felisa Agbayani aliishi katika kata tatu za baraza la jiji la Honolulu bila kuhamisha hata sufuria. Nyumba yake ilikuwa ile ile, ya mbao, rangi ya kijani imebabuka upande mmoja, kwenye Mtaa wa Kamalolo huku kwetu Kalihi. Kilichohama ni mstari. Kila baada ya miaka kumi, watu wakishahesabiwa, tume ya mipaka huketi na ramani yake, ikaona huku wamejaa na kule wamepungua, ikausukuma mstari ili kila diwani apate watu sawa na mwenzake. Mara ya kwanza tuliwekwa pamoja na watu wa bandarini. Mara ya pili tukapewa watu wa bonde la pili, ambao hata hawatualiki harusi zao. Mara ya tatu tukatupiwa watu wa uwanja wa ndege. Ukimpigia diwani simu kumwambia mtaro umefurika, anakuuliza mtaa gani, kisha anakujibu kwa furaha kwamba huo si wake tena.

Felisa hakujali sana. Yeye alikuwa na kona yake.

Hapa Honolulu mgombea hapati kura kwa kuhutubia tu. Lazima asimame kando ya barabara asubuhi, magari yakiwa kwenye foleni, ameshika bango lenye jina lake, apunge mkono mpaka bega liwake moto. Nyuma yake wanapanga mstari ndugu, majirani, na yeyote aliyeahidiwa kifungua kinywa. Kwa kazi hiyo Felisa hakuwa na wa kumfikia. Alikuwa mfupi, kofia yake ya ukili pana kuliko mabega, na alikuwa akimtazama dereva mmoja mmoja machoni huku amenyoosha kidole gumba na cha mwisho kwa salamu ya visiwani, kana kwamba ndiye yeye hasa aliyekuwa akimsubiri tangu alfajiri. Dereva aliyetoka nyumbani amenuna alijikuta anapiga honi na kucheka peke yake. Wagombea walikuja kumbembeleza hadi mlangoni, na yeye akiwakubali aliwapa mkono wake wa kulia na akawadai ahadi moja tu, ya mtaro. Hakuna aliyeitimiza.

Alikuja akiwa bibi harusi kutoka Ilocos, kaskazini ya Ufilipino. Alimenya mananasi kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, akakunja mashuka ya hoteli huko Waikiki mpaka magoti yakamkataza. Alimzika mume, akalea watoto, akalea na wajukuu. Siku alipokula kiapo cha uraia na kupiga kura yake ya kwanza alilia mbele za watu, na hajawahi kuona haya kwa hilo. Kijijini kwao kura ilikuwa ya mwenye shamba. Hii ya hapa ilikuwa yake.

Ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, aliishi Tsuruko Higa, mjane mwenye asili ya Okinawa, mwembamba, nyumba yake safi mpaka inatia woga. Urafiki wao ulikuwa wa kurushiana maneno kutoka kibaraza kimoja hadi kingine. Walizaliwa mwaka mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuwa mdogo.

"Umeamkaje, mdogo wangu!" Felisa alikuwa akiita kila asubuhi.

"Mdogo wako nani? Mimi nilizaliwa baba yako hajaota ndevu."

"Kwa hiyo unakiri umezeeka."

"Nakiri unanuka. Hiyo bagoong yako imevuka barabara tena bila kuangalia magari."

Bagoong ni samaki wadogo waliochachuka kwenye chumvi, na Felisa hakuweza kupika mboga bila hiyo. Chupa ilikaa kwenye friji yake kama mtu wa familia. Tsuruko alidai kwamba ikifunguliwa, mapazia yake yeye huku ng'ambo yanajikunja.

Waliyekuwa wakigawana bila ugomvi ni Mahina, mjukuu wa Tsuruko. Alilala kwa bibi yake na kula kwa Felisa, maana kwa Tsuruko chakula kilipimwa na kwa Felisa kilimwagwa. Alipokuwa na miaka tisa alianza kusimama naye kwenye kona, ameshika pembe moja ya bango la bwana fulani.

"Anti," aliuliza siku moja, "mbona wenye mabango wote wanakaa kilimani? Wa mtaa wetu hakuna?"

"Wa mtaa wetu wako kazini, mwanangu."

"Basi mimi nikikua nitagombea."

"Gombea. Kura yangu nimeshakuwekea."

"Kweli, Anti?"

"Nikikunyima kura yangu, nisile pansit mpaka kufa."

Mtoto akatulia. Aliyemjua Felisa na tambi zake alijua kwamba kiapo kizito kuliko hicho hakipo.

Mahina akakua, akasoma, akarudi, na mwaka 2012 akagombea kweli. Nadhani miezi ile ndiyo Felisa alipokuwa na furaha kuliko wakati wowote wa maisha yake. Alikuwa kwenye kona kabla ya jua kupanda, bango limeandikwa HIGA kwa rangi nyekundu, naye anapunga mikono yote miwili. Madereva wa mabasi walimwita kwa jina. Akawa anawahubiria hata wanaomjia kununua karela kwenye bustani yake: mtapiga kura wapi, lini, mtakwenda na nani.

Tatizo ni kwamba mwaka uliotangulia tume ilikuwa imekaa tena na ramani yake. Kadi ya taarifa ilifika kwa kila nyumba. Ya Felisa ilikuwa ngumu na nzuri, akaifanya ya kuwekea sufuria ya moto mezani bila kuisoma.

Agosti, siku ya kura ya mchujo, alivaa gauni la maua na kwenda kwenye kantini ya shule, ambako mtaa mzima hupigia kura. Akapewa karatasi, akaingia nyuma ya kadibodi ya kuficha kura, akasoma juu mpaka chini. Akageuza. Akasoma tena. Kulikuwa na majina ya mabwana wawili asiowajua hata kwa sura.

"Karani!" alipaza sauti, foleni nzima ikageuka. "Jina la mtoto wangu mmelipeleka wapi?"

Karani, kijana mpole, alikuja na ramani. "Mama, unaishi upande gani wa Kamalolo?"

"Upande wa kivuli."

"Ndiyo hapo. Mstari sasa umepita katikati ya mtaa. Upande wa jua ni kata hii. Upande wa kivuli umekwenda na bonde la pili."

"Umepita lini? Mimi nakaa kibarazani kutwa, sijauona ukipita!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tsuruko, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alicheka kuliko wote, akafuta macho kwa kitambaa. "Miezi mitatu anawafundisha watu kupiga kura," alisema, "na mwenyewe hana kata!"

Felisa naye alicheka pale pale, maana alikuwa mtu wa kucheka. Lakini alipofika nyumbani aliketi na gauni lake la maua, akatazama upande wa jua, na ilimuuma. Barabara ile angeivuka kwa hatua chache, na mtoto aliyemlisha alikuwa ng'ambo yake kama yuko nchi nyingine.

Mahina aliongoza mchujo, ila hakufika nusu ya kura, kwa hiyo akatakiwa kurudiana na mpinzani mmoja Novemba. Asubuhi iliyofuata kona ilikuwa tupu. Madereva wakapunguza mwendo, wakachungulia, wakapita kimya.

Mahina alimjia jioni ile ile. "Anti, kura moja isikunyime usingizi. Mimi nataka bega lako tu."

"Bega utalipata, tena kesho. Lakini niliahidi kura, mwanangu. Sikuahidi bega."

Akarudi kwenye kona kweli, ila honi zilipungua, kwa kuwa macho yake hayakuwa pale. Na pansit hakula. Kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani ilipita sinia nzima mbele yake, akaisukuma kwa mwenzake, na hapo ndipo watu walipoacha kucheka.

Siku chache baadaye Tsuruko alivuka barabara. Hakuwa ameivuka tangu maziko ya mume wa Felisa. Alisimama chini ya ngazi, mikono nyuma.

"Kile chumba cha marehemu mume wangu kitupu," alisema. "Kina dirisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Nakwambia kina dirisha."

"Unanikaribisha, Tsuru?"

"Mimi simkaribishi mtu. Mjukuu wangu anataka kura, na wewe umekonda mpaka unatisha watoto. Lakini sikiliza. Ukihamia, umehamia. Sitaki mtu wa kulala kwangu mpaka Novemba, halafu huyo, anakimbia na mto wake. Huo ni wizi wa kura, na mimi siweki mwizi ndani. Na hiyo bagoong haiingii kwenye friji yangu."

"Itakaa wapi, masikini?"

"Kibarazani. Na kifuniko. Na jiwe juu yake."

Felisa aliitazama nyumba yake, ukuta ambao mumewe aliupaka rangi, mlango uliochorwa urefu wa watoto wote. Tusidanganyane, moyo ulimvuta nyuma. Lakini kwenye chumba cha uani mjukuu wake Rodel alikuwa amebanana na mkewe mwenye mimba kubwa, hawana pa kuweka hata kitanda cha mtoto. Akamwita.

"Rodel! Njoo ushike upande wa miguu."

Mahina aliposikia alikuja mbio. "Anti, usifanye hivi! Watu watasema umehama kwa ajili ya kura."

"Na ndiyo, nimehama kwa ajili ya kura. Watu wanahama kwa ajili ya mwanamume, sembuse kura?"

Kitanda chenyewe kilikuwa cha mti mgumu wa kwao, kizito, kilichokuja kwa meli. Jumamosi asubuhi vijana wa mtaa walikibeba, Felisa akitangulia na kofia yake, na walipofika katikati ya barabara akanyoosha mkono.

"Tueni hapa."

"Hapa? Bibi, magari!"

"Tueni, nimesema. Huo mstari uko wapi? Kama uko hapa nataka kuukalia."

Akapanda kitandani, akakaa katikati ya Mtaa wa Kamalolo, miguu ikining'inia bila kugusa lami. Magari yakasimama pande zote mbili. Na yeye, kwa mazoea ya miaka, akamwangalia dereva wa kwanza machoni na kuinua mkono. Honi ya kwanza ikalia, kisha ya pili, kisha zote, za malori na za pikipiki, na dereva wa basi akafungua mlango akashangilia kwa kupiga miguu yote miwili sakafuni. Macho yalikuwa yamerudi. Mtaa mzima ulikuwa nje unacheka, na safari hii hakuna aliyemcheka yeye.

Sauti moja tu ilipanda juu ya honi, kutoka kibaraza cha upande wa jua.

"Vueni viatu kabla ya kuingia!"

Akabadilisha anwani yake kwa wakati, na Novemba akaingia tena nyuma ya kadibodi ile ile. Jina lilikuwepo. Alilijaza duara lake taratibu, kama anayepamba keki, akalia tena kama ile mara ya kwanza. Nje ya geti Mahina alikuwa anamsubiri na sahani ya pansit, na Felisa aliila akiwa amesimama, mpaka tambi ya mwisho.

Mahina alishinda kwa kura nyingi sana. Kwa hiyo kura ya Felisa siyo iliyomvusha, na Tsuruko hakukosa kumkumbusha hilo kila walipogombana juu ya televisheni. Diwani mpya aliuzibua mtaro pande zote mbili, akawaacha wataalamu wabishane baadaye mstari ulipita wapi. Kwenye nyumba ya kijani Rodel alichora mlangoni urefu wa mtoto wa kwanza, wa pili na wa tatu. Na kila asubuhi, badala ya kuvuka barabara, maneno yalivuka meza.

Miaka kumi ikapita na watu wakahesabiwa tena. Mahina, aliyekuwa amemaliza vipindi vyake, ndiye aliyeleta habari.

"Anti, mstari umeondoka mtaani! Sasa upande wa jua na wa kivuli, kata moja."

Jioni hiyo Rodel naye akaja. "Bibi, chumba chako tumekipaka rangi. Rudi nyumbani."

Alipoondoka, Tsuruko alikuwa kwenye sinki anaosha mchele, mgongo kaupa mlango.

"Basi, sababu imekwisha," alisema. "Kitanda kiliingia kwa mlango huu, na kutoka kitatoka. Vijana wapo."

"Unanifukuza, mdogo wangu?"

Tsuruko hakumuuliza mdogo wake nani. Hilo halijawahi kutokea. Felisa alimtazama mikono: maji yalikuwa yanafurika, na mchele unamwagikia kwenye sinki, na mwanamke ambaye hakupoteza punje moja maisha yake yote hauoni.

"Tsuru. Mimi nilikuja kwa ajili ya kura," Felisa alisema. "Nilishaipiga, zamani. Tangu hapo nakaa tu."

Tsuruko akafunga bomba. Akajipangusa mikono polepole, akatoka kibarazani. Alirudi ameikumbatia chupa ya bagoong, ameiondolea jiwe, akaifuta vumbi kwa aproni yake safi, akafungua friji na kusogeza mabakuli yake ya kachumbari huku na huku mpaka nafasi ikapatikana.

"Nyuma kabisa," alisema. "Na mimi ndiye mkubwa."