Majani ya Isale Niliyoyachonga Kwenye Ngazi

Mhariri, jina langu lifiche, maana Moshi ni ndogo na baba yangu bado yu hai.

Ndugu wasomaji, nina miaka thelathini na minne, ni seremala hapa mjini, kwetu ni Kibosho. Nina mke na watoto watatu. Kwa mikono yangu sina wasiwasi, mdomo ndio ulioniponza.

Mwaka jana mama mmoja wa Kizungu, mchoraji, alijenga nyumba: chini ukumbi wa kuonyeshea picha, juu chumba chake cha kuchorea. Akaniambia, "Fundi, sitaki ngazi ya kupandia tu. Nataka mtu akiitazama, aguswe moyo."

Nilikaa siku tatu na penseli. Nikakumbuka nikiwa mdogo, baba na baba mkubwa waligombania mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, wakanuniana miaka miwili, mpaka baba alipoingia uani kwa kaka yake ameshika jani la isale. Baba mkubwa alilipokea akilia. Kwetu Wachagga anayekuja na isale anaomba msamaha, na hafukuzwi. Nikasema, kama kuna kitu cha kugusa moyo, ni hicho.

Basi nikachora ngazi ya kuzunguka, vipandio kumi na vinane vya mbao ya mringaringa, na kwenye uso wa mbele wa kila kipandio nikachonga jani la isale. Yule mama alifurahi hata akanishika mkono. Kichwa kikanivimba. Siku ya ufunguzi nikamwalika baba aje aone kazi ya mwanawe.

Alikuja na koti lake la kanisani. Akasimama chini, akitazama wageni wakipanda na ncha za viatu vyao zikigonga yale majani.

"Hili si isale?"

"Ndilo, baba."

"Na wewe umeliweka miguuni pa watu."

Wageni walianza kugeuka. Nikasema kwa sauti, "Baba, ni mapambo tu. Usinitie aibu."

Akavaa kofia yake, akapanda Kibosho kwa miguu. Tangu siku hiyo hajanisemesha.

Nimekwenda kwake na isale, nikiongozana na baba mkubwa mwenyewe. Baba alilitazama lile jani, kisha akamwambia kaka yake, si mimi, "Mwambie ni mapambo tu." Nilitoka nje nikalia migombani kama mtoto.

Sasa anaumwa kifua, na uji hanywi nikiushika mimi. Nilimwomba yule mama nibadilishe mbao bila malipo, akakataa, eti watu wanaifuata ngazi kuliko picha zake. Mwezi ujao atakwenda Nairobi, ataniachia ufunguo niipake nta.

Randa nimeshainoa. Nikiyafuta majani yale nitapoteza kazi, pengine nitafungwa, na sijui kama baba atanitazama. Roho inaniuma, jamani. Nishaurini upesi, maana pumzi za mzee si nyingi: niyafute? Na nisipoyafuta, nitarudi kwake na jani gani?