Gari Lililomeza Zizi

Baba alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya themanini, aliacha zizi la ng'ombe na mkweche mmoja uliotengenezwa kabla ya vita vya pili vya dunia. Gari hilo alilinunua Oldeani kwa mlowezi aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, akalilipia kwa maksai. Balaa lilianzia hapo, maana maksai wale walikuwa wa babu, na baba na mdogo wake hawakuwahi kugawana mali ya babu. Hata ng'ombe wa zizini kwetu walikuwa wa wote wawili.

Basi wazee wa ukoo walipokuja nyumbani, nje kidogo ya Karatu, kugawa urithi, swali lilikuwa moja: gari hili ni sawa na ng'ombe wangapi? Likionekana la thamani, mama angeachiwa gari na baba mdogo angeswaga ng'ombe. Likionekana chuma chakavu, mama angebaki na maziwa yake na maksai wa kulimia. Hilo mimi nililiona kabla pombe haijamiminwa. Kaka yangu hakuliona. Alilipenda lile gari mpaka akili ikamruka.

"Wazee, msilione hivi," alisema. "Mzungu mmoja pale geti la Ngorongoro alimwambia marehemu kwamba kwao Ulaya gari la umri huu ni mali kubwa."

Nilimkanyaga mguu. Aliusogeza tu, akaendelea.

"Sema tena, mwanangu," baba mdogo akamwambia kwa upole. "Wazee wa nyuma hawajasikia."

Mzee aliyeongoza kikao hakushawishika. Kwake, ng'ombe mzee alikuwa ngozi tu. "Mimi simpangii bei ng'ombe aliyelala," alisema. "Litembee, tuone kama ni zima."

Nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Gari halikuwa limewaka tangu baba augue, na petroli siku zile ilikuwa adimu hata kwa magari ya watalii. Kumbe kaka alikuwa ameomba chupa moja kwa dereva mmoja wa Ngorongoro, akaificha. Akapiga hendeli. Naapa gari lile halikuwahi kumtii baba namna ile. Liliunguruma, likasogea uani, na moshi mweusi ukaingia ndani alimokuwa mama na wanawake wengine. Mama akatoka mbio, kanga puani.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima! Zima!"

Kikao kilikuwa kinakwenda kwa Kiiraqw, lakini mambo ya gari mama aliyajua kwa Kiswahili cha baba tu: washa, sukuma, zima. Yule mzee, ambaye Kiswahili alikiokota ukubwani, aliinua mkono wazee wanyamaze.

"Mmemsikia mwenye nyumba. Gari ni zima."

"Mzee, nilitaka alizime!"

"Ndiyo, mama. Tumekusikia."

Baba mdogo alikuwa amefanya kazi Arusha miaka mingi. Alielewa vizuri sana. Nilimwona ameinamia fimbo yake, anabana kicheko. Nilisimama kueleza, nikaambiwa niketi, msichana hasemi kwenye kikao cha ukoo. Baba mdogo sikumsamehe siku ile, na hata sasa ninapoandika sijamsamehe.

Wakakata shauri kuwa gari lina uzito wa zizi lote. Ng'ombe wakaswagwa kwenda Daa, kwa baba mdogo, jioni ileile. Mama alisimama mlangoni akawatazama mpaka vumbi likatulia, kisha akaingia ndani kupika.

Gari halikuwaka tena. Kaka alipiga hendeli mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wafanyabiashara wa vitunguu waliotoka Mang'ola walikuja kulitazama, wakacheka, wakaenda zao. Mshona makatambuga alitaka matairi, akakuta mpira umekauka, unamong'onyoka kama ugali wa jana.

Mama akalima kwa jembe la mkono, msimu baada ya msimu, kwa umri wake ule. Siku alipoanguka shambani nilikimbia Daa kumwomba baba mdogo mkokoteni na maksai tumfikishe hospitali. Nilimkuta anakunywa uji.

"Mkokoteni?" aliniuliza. "Si mna gari nyie?"

Tulimbeba kwenye kitanda. Hatukufika hospitali.

Mazishini baba mdogo alikuja akiswaga ng'ombe jike mnono wa kuchinja. Waombolezaji walimsifu kwa moyo wake, na mchungaji akamtaja mbele ya watu. Yule ng'ombe nilimtambua. Mama ndiye aliyekuwa akimkamua. Baada ya chakula niliambiwa nitoe shukrani kwa niaba ya watoto wa marehemu. Nilisimama mbele yake, nikainama kidogo kama nilivyofunzwa, nikasema, "Ahsante, baba mdogo."