Nilijengewa nyumba ya kuzikwa, kumbe uvimbe wa kongosho si kansa

Wakuu, nawasalimu kutoka Awendo. Hii si hekaya. Ni kongosho langu mwenyewe, na picha zake ninazo kwa bahasha.

Mimi ni dereva wa trekta ya miwa. Mwaka juzi tumbo lilianza kuniuma chini ya mbavu. Nikajifanya daktari: magadi, maziwa, dawa za vidonda vya tumbo (ulcers) za dukani. Miezi ikaenda.

Mke wangu Akinyi alichoka na ubishi wangu, akanipeleka Suna kupigwa ultrasound. Aliyenipima akasema kuna uvimbe kwa kongosho, mkubwa kama ndimu, na "inakaa kansa," yaani inafanana na kansa.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimpigia ndugu yangu mkubwa, Ouma, nikamwambia nina kansa.

Kwa wasiojua: kwetu mwanaume mzima hazikwi nyumbani kama hana nyumba yake pale. Mimi nimepanga Awendo, na nyumbani Ndhiwa sikuwa na hata choo. Ouma hakulia. Alikata miti ya kujengea.

"Omera, ndugu yangu, wewe pumzika," aliniambia. "Mambo ya dala, ya nyumbani, tuachie."

Kufika Jumapili, kuta zimesimama. Wakuu, inauma kuona nyumba yako ikijengwa na hakuna anayekuuliza mlango uangalie wapi. Nililia pale pale.

Akinyi akakataa katakata kuamini kuwa ni kansa. Tukaenda Homa Bay kwa daktari mmoja, mama mpole lakini hana mchezo. Nikamwomba atoe kipande kwa sindano kipimwe.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nikidunga bila kujua ni nini, unaweza kuvuja damu nishindwe kuizuia."

Akaniandikia CT scan ya kudungwa dawa kwa mshipa, halafu MRI Kisumu. Ile dawa ilijaza uvimbe polepole, kutoka kando hadi katikati. Kansa ya kongosho kwa kawaida haijai hivyo, alinieleza. Akaonyesha wenzake picha, wakakubaliana: hemangioma. Ni fundo la mishipa ya damu, si kansa, na kwa kongosho ni nadra sana.

Na maumivu? Kamera ya tumbo ilionyesha vidonda vya kweli. Nikatibiwa, vikapona. Uvimbe haukuguswa, unafuatiliwa kwa scan tu. Ukikua au ukivuja ndio nitapasuliwa.

Nilimpigia Ouma akiwa juu ya paa anapiga mabati.

"Si kansa."

Akauliza: "Sasa hii nyumba?"

"Weka madirisha makubwa. Nitaishi humo."

Alicheka mpaka nikaogopa ataanguka.

Nilichojifunza: usitangaze ugonjwa ambao daktari hajauthibitisha. Uliza kipimo gani kimeonyesha, na kama kuna kingine. Na maumivu yasiyoisha usiyanyweshe magadi kama mimi.

Mwezi jana scan ilitoka vile vile, uvimbe haujakua hata kidogo. Daktari akaniambia nirudi baada ya mwaka.

Mwaka mzima, wakuu! Mimi niliyekuwa nimehesabiwa wiki.

Kama kuna mwingine humu ambaye jamaa zake walimzika kabla majibu hayajatoka, ajitokeze tucheke pamoja.