Ukurasa wa Kumi na Saba

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, Ijumaa ya mwisho ya mwezi Juni, niliagwa rasmi na shule ambayo sikuwa na nia ya kuiacha. Saa hiyo sikuikisia. Niliiandika mwenyewe kwa wino wa bluu katika muhtasari wa sherehe, na muhtasari huo ndio ulionitoa Mpanda.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, nchi iliyokuwa bado ikiitwa Zaire. Chuo cha ualimu sikupita. Nilikuwa karani wa ghala, na hesabu nilijifunza kwa vitabu vilivyokuja kwa posta, somo moja baada ya jingine, kwa miaka tisa. Nilipovuka kuja Mpanda, shule moja ya sekondari iliyojengwa na wazazi ilikuwa haina mwalimu wa hesabu. Wakanijaribu wiki mbili, wakanipa mkataba wa miaka miwili. Hati yangu ya ukaazi ilifuata mkataba huo siku kwa siku: vyote viwili vilikuwa vinakwisha Juni thelathini.

Sikuwa na wasiwasi. Bodi ya shule ilikuwa imekwisha kukubali kunipa mkataba wa pili, na barua yake ingesainiwa Jumatatu. Mke wangu, binti wa Kibaoni, alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Mwezi wa tisa nilitaka niwe nyumbani. Sikuwa na haja nyingine kubwa kuliko hiyo.

Sasa mtu atauliza: kama nilikuwa nabaki, kwa nini niliagwa?

Miaka michache kabla yangu, mwalimu mmoja alimaliza mkataba akaondoka na treni ya Tabora bila kuagwa. Huko Tabora akasema watu wa Mpanda hawajui kushukuru. Maneno yale yakarudi na treni ileile. Walimu waliona aibu, wakaanzisha mfuko: kila mwezi kila mmoja anachanga, na yeyote anayemaliza mkataba anaagwa, anakula na wenzake, anapewa zawadi. Hakuna aliyefikiria juu ya mtu anayemaliza mkataba mmoja na kuanza mwingine. Nilipomwambia mkuu wa shule kwamba mimi siendi popote, alicheka.

"Mwalimu, umechanga miezi ishirini na minne. Unataka pesa yako aile nani?"

"Basi waseme ni shukrani tu. Wasiseme kuaga."

"Tunakuaga kwa mkataba wa zamani, tunakukaribisha kwa mkataba mpya. Watu wanakula mara mbili. Wewe ubaya wako uko wapi?"

Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa ananiita shemeji kwa sababu ya mke wangu, akadakia kutoka dirishani: "Shemeji, usituharibie pilau. Mimi tangu Pasaka sijaona nyama ya maana."

Nilimwomba mkuu jambo moja tu, kwamba mtu mwingine aandike muhtasari siku hiyo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katibu wa vikao vyote vya walimu. Akasema hakuna mwingine mwenye mwandiko unaosomeka. "Jiandikie tu, mwalimu. Jiage vizuri."

Kiongozi wa wilaya aliyealikwa kuwa mgeni rasmi alituma udhuru saa sita mchana. Sherehe bila mgeni rasmi haifunguliwi, wala chakula hakipakuliwi. Mkuu wa shule akachukua baiskeli, akaenda kwenye ofisi za serikali, na saa nane na nusu alirudi ameongozana na afisa wa uhamiaji. Alikuwa mgeni Mpanda, hajamaliza hata mwezi mmoja. Nilimpenda alivyokaa: mgongo umenyooka, kofia amepakata, macho yanasoma ratiba mstari kwa mstari.

Ratiba ilisema "kumuaga mwalimu wa hesabu." Basi alipopewa nafasi, akasimama akaaga. Alisema nchi yake inanishukuru. Alisema niwasalimie ndugu zetu wa ng'ambo, niwaambie Mpanda ni kwema. Kisha akachukua zawadi mezani, sanduku la safari la rangi ya kahawia lenye kufuli mbili, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Safari njema, mwalimu."

Watu wakapiga makofi. Mkuu wa shule alipiga makofi. Walimu kumi na wawili walijua kwamba sisafiri, na hakuna aliyesema. Mgeni rasmi hasahihishwi mbele ya watu, tena kabla ya chakula. Mimi mwenyewe nilipokea sanduku, nikasema, "Ahsante, afande," nikarudi kwenye kiti changu, nikachukua kalamu na kuandika: Saa 9:40 alasiri mwalimu aliagwa rasmi na mgeni rasmi, akakabidhiwa sanduku la safari la thamani ya shilingi 4,200, akashukuru.

Jumamosi na Jumapili nilitengeneza jalada la maombi ya kuongeza hati. Kazi hiyo niliifanya kwa raha. Karatasi nilizipanga kwa tarehe, nikatoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto ili yalingane, nikafunga kwa uzi. Kila ukurasa niliupa namba juu kulia, ndani ya duara dogo. Jumla zilikuwa kurasa ishirini na tatu, na nafasi ya barua ya bodi niliiacha mwanzo. Fomu ilitaka ushahidi wa tabia njema kazini. Nilipekua kila kitu nilichokuwa nacho. Karatasi pekee yenye sahihi ya mkuu wa shule na maneno "bidii, nidhamu na uaminifu" ilikuwa muhtasari wa ile sherehe. Nikauweka. Ukawa ukurasa wa kumi na saba.

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Akaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwonyesha jalada. Alifuta mikono, akalifungua, akalirudisha.

"Zuri," akasema. "Kama daftari la duka la Mwarabu."

Jumatatu barua ya bodi ilisainiwa saa mbili na nusu asubuhi. Saa nne kasoro dakika kumi nilikuwa mbele ya meza ya afisa. Alinikumbuka, akatabasamu.

"Mwalimu! Hujaondoka bado? Umekuja kuniaga tena?"

Nikamwambia nimekuja kuongeza hati. Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yalibadilika. Alisoma barua ya bodi. Alilipokea jalada, akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila haraka, akilowesha kidole. Mtu wa namna yangu kabisa. Alipofika wa kumi na saba alisimama. Alisoma mara mbili, nikamwona anavyorudi juu.

"Mwalimu, huyu mgeni rasmi ni mimi."

"Ndiyo, afande."

"Mimi nimekuaga. Mbele ya watu. Nimekukabidhi sanduku."

"Ndiyo, afande. Ilikuwa desturi tu ya shule. Mimi nilikuwa naendelea."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Nilisema nilidhani mkuu wa shule amemweleza njiani. Akatikisa kichwa.

"Njiani alinieleza habari ya pilau." Kisha akanieleza taratibu, kwa upole, kama ninavyomweleza mwanafunzi. Hati inaongezwa kwa mtu ambaye ajira yake inaendelea. Mtu ambaye ajira imekwisha, ameagwa, na aliyemuaga ni ofisi yenyewe ya uhamiaji, huyo anatoka, kisha anaomba upya akiwa kwao. "Jalada hili linakwenda mkoani Sumbawanga. Wakifika ukurasa huu wataniuliza mimi: ulimuaga nani, na sasa unamwongezea nani? Wale wakimbizi wa kambi ya Katumba wana nafuu kuliko wewe, mwalimu. Wao hawana mkataba wa kuwaishia."

Akageuza jalada likanielekea mimi, likiwa wazi pale pale ukurasa wa kumi na saba. Akasimama, akavaa kofia.

"Nakwenda kunywa chai," akasema. "Sina haraka."

Alitoka akafunga mlango. Nilikaa na lile jalada dakika kumi na mbili, kwa saa ya ukutani. Nilielewa vizuri alichofanya, na sikuhitaji kuelezwa. Uzi ulikuwa wangu, fundo lilikuwa langu, ningelifungua kwa kucha. Karatasi moja mfukoni, basi.

Mikono yangu ilikaa magotini.

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba sikutaka kughushi. Walipenda kusikia hivyo, hasa kanisani. Leo naandika jinsi ilivyokuwa. Nilichokiona pale ni namba. Kumi na sita, halafu kumi na nane. Niliwaza kwamba wa Sumbawanga ataona pengo. Nikawaza ningeandika upya maduara sita, kutoka kumi na nane hadi ishirini na tatu, lakini wino wangu ulikuwa nyumbani na wa afisa ulikuwa mweusi. Nikatafuta njia ya kulifanya jambo lile liwe safi, na nikiwa bado natafuta, mlango ukafunguliwa. Uaminifu haukuwa mle ndani. Nilishindwa na namba zangu mwenyewe.

Afisa alitazama jalada, kisha akanitazama mimi. Alipumua kwa pua.

"Namba hizi nani aliweka?"

"Mimi, afande."

"Umeziweka vizuri sana," akasema, akagonga muhuri wa kupokelewa.

Nililipa ada ya maombi, shilingi elfu kumi na mbili, nikapewa risiti. Nyumbani nilimweleza mke wangu yote, hata zile dakika kumi na mbili. Hapo nilikosea mara ya pili.

"Akakuachia chumba?"

"Aliniachia."

"Na wewe ukakaa?"

"Nilikuwa nafikiri."

Alishika kiuno kwa mikono miwili, kama alivyokuwa anafanya kwa sababu ya uzito. "Karatasi moja, mume wangu. Ungeitafuna. Mbona juzi mbuzi wa jirani alitafuna ratiba yako ya masomo na shule haikufungwa?" Sikucheka, wala yeye hakucheka. Akasema, kwa sauti ya chini, "Waliokuaga wako kwao, wanakula."

Jibu kutoka Sumbawanga lilichukua siku kumi na moja. Nilitakiwa niwe nimetoka ndani ya siku saba na kuomba upya nikiwa nje. Mkuu wa shule alisikitika kweli, akaenda mara mbili kwa afisa, akarudi mikono mitupu. Akasema bodi itaniwekea nafasi. Mwalimu wa Kiswahili alinisindikiza hadi kwenye lori la Karema.

"Shemeji, nisamehe," akasema. "Kumbe ile pilau ilikuwa ya msiba, na wewe ulikula mnofu." Alikuwa na machozi, lakini maneno hayo alishindwa kuyazuia. Nguo zangu zilikuwa ndani ya sanduku la kahawia. Lilitosha kabisa.

Kutoka Karema nilivuka kwa boti ya injini. Upande wa pili niliomba upya, nikatuma barua, nikangoja. Barua ya kwanza ya kutoka Mpanda ilikuwa ya mke wangu, imeandikwa na mtu mwingine, ikisema amehamia Kibaoni kwa mama yake. Ya pili ilisema amejifungua mtoto wa kike, mwezi wa tisa, wote wazima. Ya tatu ilikuwa ya mkuu wa shule. Kidato cha nne hakingeweza kufika kwenye mtihani bila mwalimu wa hesabu, aliandika, na bodi imepata kijana kutoka Tabora, mwenye cheti. Bila nafasi ya kazi, ombi langu la hati halikuwa na kitu cha kushika. Lilikufa lenyewe. Sanduku nililiuza sokoni huko ng'ambo ili nipate nauli.

Nilirudi mwezi wa tatu, na hati ya matembezi ya siku tisini. Baadaye nilipata ukaazi kwa njia nyingine, ndefu. Lakini shuleni sikurudi tena. Kijana wa Tabora alikuwa anafundisha vizuri. Nilipita dirishani siku moja nikasikia.

Kibaoni nilifika saa tano asubuhi. Mke wangu alikuwa anaanua mahindi uani, mtoto amekaa kwenye mkeka. Alikuwa na miezi sita, na kichwa changu mimi, hata masikio. Nilichuchumaa nikanyoosha mikono. Akanitazama kwa makini, uso ukakunjika, akaanza kulia akimgeukia bibi yake.

"Mwache," mke wangu akasema. "Hakujui. Mwache azoee."

Aliniletea maji, akakaa mbali kidogo na pale nilipokaa. Hatukugombana siku hiyo wala baadaye. Kuna siku mke wangu hutaja namba kumi na saba katika mambo mengine kabisa, bei ya sukari au safari ya kwenda Mpanda.

Jioni ile, mtoto alipolala, nilifungua daftari nikafanya hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoijua. Mishahara ya miezi minane, elfu kumi na nne na mia tano kwa mwezi, ni laki moja na kumi na sita elfu. Ada ya maombi, elfu kumi na mbili. Malori na maboti, kwenda na kurudi, elfu kumi na mia sita. Mtoto sikumwandika, sikuwa na safu yake. Mwisho nikatoa bei ya sanduku, maana hilo nilipewa bure na lilinisaidia. Hasara halisi: shilingi 134,400.