Mtumbwi wa Dhahabu na Ndizi za Mama Mkwe

Sikusoma ufundi shuleni. Nilijifunza kutengeneza redio kwa kuzifungua, kuchora kila waya katika daftari kabla ya kuugusa, na kuzifunga tena. Daftari hilo ndilo lililomvutia jirani yangu wa Bungulu, anayepiga video za harusi hapa Beni. Alipopata kazi ya kutengeneza filamu ya televisheni ya mji, alinijia kuniomba nimtunzie vitu vyote vya kuigizia.

Ilikuwa filamu ya kuchekesha, sehemu nne fupi. Mwindaji mwoga anatafuta vitu vitatu vya ajabu kabla mchawi hajavipata: pembe inayoita mvua, kioo kinachokataa kumwonyesha mwongo, na mtumbwi unaotembea juu ya nchi kavu. Mwindaji alikuwa mwalimu wa hesabu. Mchawi alikuwa mama muuza dawa, mpole kuliko sisi sote, ambaye kila alipomaliza kutisha watu aliuliza, "Sikumuumiza mutu?" Msitu wa ajabu ulikuwa shamba la kakao mwisho wa mtaa. Mtu wa Beni hahitaji kuelezwa kwa nini hatukwenda kwenye msitu wenyewe, wanakojificha waasi.

Pembe niliinunua kwa mchinjaji. Kioo nilikitengeneza kwa vioo viwili na kitambaa cheusi kinachovutwa kwa uzi. Ukabaki mtumbwi. Beni haina ziwa, na mtumbwi wa mbao nyepesi uliotengenezwa na seremala wetu ulivunjika mwalimu alipouingia mara ya kwanza.

Ndipo nikakumbuka mtumbwi wa mama mkwe wangu, anayekaa mji wa Butembo. Haujawahi kuona maji ya ziwa. Ni gogo lililochimbwa, refu hatua nne, la kukamulia ndizi mbivu. Yale maji matamu huitwa mutobe. Ukiyamimina katika bidoni, yaani dumu, ukayachanganya na unga wa mtama uliokaangwa na kuyaacha siku mbili, yanakuwa kasiksi, pombe ya wageni wa heshima. Marehemu baba mkwe aliuchonga mwenyewe.

Nilipofika kuuomba, Jumapili, ndizi zilikuwa zimeshafukiwa shimoni. Jumamosi familia moja ilikuwa inakuja kuleta mahari ya mjukuu wake, na kasiksi ilipaswa kukamuliwa Alhamisi. Ndizi iliyoiva shimoni haimngoji mtu. Ukichelewa siku moja unakamua uozo.

"Mukwe, unataka mutumbwi yangu ikacheze sinema?"

"Siku mbili tu, mama. Jumatano jioni itakuwa hapa, vile iko."

"Vile iko?"

"Vile iko."

"Andika mu kitabu yako."

Niliandika, nikamsomea. Aliniruhusu. Ningechelewa, kuwapokea wakwe wapya kwa soda za chupa kungekuwa jambo la kusimuliwa miaka mingi, na jina langu lingekuwa ndani ya masimulizi hayo.

Jumatatu mtumbwi ulishuka Beni juu ya Fuso, lori la viazi. Jumanne asubuhi nilikuwa upande wa pili wa shamba nikimfundisha mwalimu kupuliza pembe bila kutema mate. Niliporudi, mtumbwi ulikuwa unang'aa kama kalisi ya askofu. Jirani yangu alikuwa ameshika kopo la rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango ya chuma.

"Vieux, angalia! Ku écran ya televisheni itaonekana dhahabu ya kweli."

"Na ndani? Sababu gani umepaka na ndani?"

"Mais, kamera inapita juu. Ndani njo inaonekana sana."

Nikamuuliza anadhani ndizi hukamuliwa wapi. Akafunika kopo.

"Petroli haiwezi kuitosha ile rangi, itoke yote?"

"Inaweza. Itatosha rangi na kubakisha petroli."

Nilijaribu kipande cha shubiri moja kwa kisu na mchanga. Kilinichukua saa nzima, na mbao ilikuwa imekunywa rangi. Nikapiga hesabu ya sehemu yote ya ndani: siku sita, bila kulala. Basi wakapiga picha yao. Watu sita waliojificha kwenye kakao walivuta kamba, mtumbwi ukatembea juu ya majani makavu, mwalimu akiwa amesimama ndani kwa utukufu mpaka ulipogonga mzizi akaanguka juu ya mchawi. Wote walicheka. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya nyuma nikitafuta maneno ya kumwambia mama mkwe.

Saa sita nilimpigia simu, nikamweleza ukweli wote, hata aina ya rangi.

"Mukwe, ndizi zangu haziangaliake televisheni. Alhamisi asubuhi nataka mutumbwi. Ikuwe ya Noa, mi sijali. Ikikosa, utakamulia mu viatu yako."

Hivyo mimi, mtunza vitu vya ajabu, nikapanda pikipiki kutafuta kitu ambacho miaka ishirini iliyopita kilikuwa nyuma ya kila nyumba. Siku hizi watu hukamulia juu ya shitingi za plastiki, na mama mkwe anasema plastiki inaonjeka. Bungulu nilikuta mtumbwi mmoja, umegeuzwa benchi la kinyozi na kutobolewa misumari. Kwenye barabara ya Mbau nilielekezwa kwa mzee ambaye alinionyesha majivu: alikuwa ameupasua kuni juma lililopita. Kila jibu niliandika, ili nisirudi mahali mara mbili.

Kwenye mtaa wa Beu, karibu na soko, nikauona mzima, umejaa maji, na mabata wanne wakiogelea ndani. Mwenyewe alikuwa mama mzee mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani.

"Unatafuta mutumbwi ya kasiksi kwa muke wa shemasi?" Alicheka mpaka akakaa. "Papa, siye tuliokoka. Ile kazi tuliachaka zamani."

Ningeweza kumwambia ni ya kufulia nguo. Lakini nilishavunja ahadi moja juma lile.

"Mama, mu mutumbwi tutakamua mutobe tu. Kuchacha ni mu bidoni."

"Donc mutumbwi yangu haitaona pombe?"

"Hata tone."

"Na ile mutobe ikilala mu bidoni?"

"Ile ni mambo ya bidoni, mama."

Alinitazama kama mtu anayekagua shilingi ya zamani. Kisha akatoa masharti mawili. Mabata wasikose pa kuogea. Nikawaletea beseni kubwa ambamo mchawi wetu alichemshia sumu zake. La pili alilisema kwa sauti ya chini: bidoni moja ya mutobe ya kwanza kabisa, tamu, kabla haijageuka. Hakuwa ameionja tangu mume wake awe shemasi.

Niliusugua mtumbwi kwa mchanga na maji ya moto mara tatu. Jumatano jioni ulikuwa Butembo. Mama mkwe aliinama, akanusa.

"Inanuka bata."

"Nimeiosha mara tatu, mama."

"Ya nani?"

"Ya muke wa shemasi, kule Beu."

"Shemasi yetu Wakatoliki?"

"Yao."

"Yesu! Kasiksi yangu itaimba kantiki za Waprotestanti!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Lakini alikuwa ameshaanza kugonga mbao kwa kidole, huku na huku. "Mais, waliokoka na mbao muzuri."

Alhamisi tulikamua tangu alfajiri, nami mikono yangu ikiwa ndani ya ndizi na nyasi hadi viwikoni. Aliposikia bidoni ya kwanza inaenda Beu, aligoma, akaniambia nisome daftari. Nikamsomea sharti la mke wa shemasi, vile nilivyoliandika. Akaifunga mwenyewe, akakaza kizibo kama anayemfunga mbuzi wa watu.

Niseme mapema kwamba Jumamosi wakwe wapya walikunywa, wakaomba tena. Mtumbwi wa dhahabu nao nilimrudishia mama mkwe baada ya wiki tatu, ndani umekwanguliwa mpaka mbao. Nje alinikataza kugusa, kwa sababu filamu ilikuwa imeonyeshwa na majirani walikuwa wanakuja kuutazama.

Lakini siku ile ya Alhamisi nilikuwa bado nina deni la bidoni. Nilipanda Fuso alasiri, mvua ikanyesha, tukalala matopeni. Ijumaa mchana, joto la Beni likiwa juu yetu, nilisimama mbele ya mke wa shemasi nikiwa na mtumbwi wake msafi na bidoni iliyovimba tumbo. Alilegeza kizibo. Kikalia kama nyoka.

"Inapiga kelele," akasema.

"Inaanza kuchacha, mama. Lori ililala mu njia. Jana ilikuwa mutobe. Leo siwezi kukuapia."

Aliangalia barabarani, kule mume wake alikokuwa mkutanoni. Akamimina kikombe, akapuliza povu, akanywa polepole mpaka chini, macho yamefumbwa.

"Imekuwa je, mama? Ingali mutobe?"

"Ngoja, sijajua bado," akasema, akajaza kikombe cha pili.