Mchuzi Uliolala na Joto

Asubuhi ile Daktari aliingia jiko la nyuma akamkuta mtu ameketi pembeni, amejifunika blanketi gubigubi.

"Shikamoo," akasema, maana kwenye nyumba ya msiba huwezi kujua nani kalala wapi.

Hakujibiwa.

Daktari hakuwa daktari. Alikuwa mpishi wa shughuli. Akiitwa, anakuja na sufuria zake na wifi yake, dada wa mumewe. Jina alipachikwa na wanawake wa kuosha vyombo kwa sababu ya vituko vyake. Kisu cha nyama mbichi hakigusi mboga za kuliwa mbichi. Ukikohoa karibu na chakula, unatolewa nje. Mwenye kidonda kidoleni atachochea kuni siku nzima. "Leo Daktari kanipima, kanikuta na kucha," walikuwa wakisema, wakicheka mpaka mbavu ziwaume. Yeye hakununa. Aliendelea kusugua mikono kwa sabuni.

Akasogea, akaligusa blanketi pale penye bega. Lilikuwa na joto, kama la mtu mwenye homa. Akalivuta. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama, ule alioupika jana jioni kabla hajakimbilia kwake kumwangalia mwanawe mgonjwa.

Jiko lilikuwa limezimika tangu jana, majivu yamepoa. Lakini mle ndani ya sufuria kitu kikalia taratibu, kama mtu anayelamba midomo. Pwa. Kikanyamaza. Pwa. Mfuniko ukainuka kidogo, ukakaa.

Daktari alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alijua ni nini. Kujua hakukumsaidia, mwili ulimsisimka vilevile.

Wifi yake akaingia na ndoo ya maji. "Umeamkaje, wifi? Mtoto je?"

"Homa imeshuka. Wifi, si nilikwambia mchuzi uutandaze kwenye masinia, masinia uyaweke kwenye maji baridi upoe upesi?"

"Masinia yote yaliwekewa mikate. Nikafanya kama mama alivyokuwa akifanya. Unaufunika vizuri, unalala na joto lake, asubuhi ni kama umeepuliwa sasa hivi. Nimekuokolea kuni."

"Na blanketi?"

Wifi akashusha sauti. "La marehemu. Hakuna aliyetaka kulilalia."

Pwa, ikasema sufuria. Wote wawili wakaitazama.

"Imeanza hivyo tangu alfajiri," wifi akanong'ona. "Nilidhani masikio yangu."

"Ni wadudu. Uvuguvugu ndio wanaoupenda. Wamezaana humo usiku kucha, hiyo ni hewa yao inatoka."

"Lakini haunuki. Njoo unuse."

Kweli haukunuka. Ulinukia vitunguu, mtamu, kama unaita watu kwa majina.

Na mtu aliitika. Mjane wa marehemu, yule fundi cherehani, alikuwa amesimama mlangoni, bakuli mkononi. Tangu mumewe akate roho hakuwa ametia kitu tumboni, walimbembeleza wakachoka. Nyuma yake, wazee waliokaa sebuleni walikuwa wameanza kugeuza shingo.

"Wanangu, harufu imenitoa kitandani," akasema. "Nipeni kidogo tu."

Mkono wa wifi ulikuwa tayari umeshika upawa. "Tumpe, wifi. Tutauchemsha mpaka uunguze ulimi. Moto unaua kila kitu."

"Moto unaua wadudu. Sumu wanayoiacha nyingine haifi."

Pwa.

Mjane akasikia. Uso ukambadilika. "Nani anapumua humo?"

Wifi akatazama chini. Daktari akalichukua bakuli mikononi mwa mjane, polepole, kama anayemnyang'anya mtoto wembe.

"Hakuna mtu, mama. Mchuzi umeharibika, kosa ni letu. Ukiula wewe uliyekaa na tumbo tupu, sijui kama kesho tutakuwa na msiba mmoja tu hapa."

"Mbona unanukia?"

"Ndiyo ubaya wake."

Wakaubeba wawili mpaka shimo la taka. Ulipomwagwa ulitoa povu, na povu likaendelea kutembea juu ya udongo hata walipoanza kufukia. Dirishani watu walisimama wakitazama. "Kamwaga nyama yote," sauti moja ikasema. "Huyu ana wazimu."

Daktari akarudi jikoni. Akaisugua sufuria kwa maji yanayochemka, akanawa, akawasha moto upya, akapika wali na mayai. Mjane alikula yai moja, kisha la pili, akiwa amekaa palepale mlangoni. Hakulitazama shimo.

Jua lilipoanza kuteremka, Daktari akagundua wifi yake hayupo. Akamkuta nyuma ya ukuta, ameinama, jasho linamtiririka, mikono imepoa.

"Nilionja alfajiri," wifi akasema. "Kuangalia chumvi."

"Kijiko kimoja?"

Wifi akafumba macho. "Ulikuwa mtamu, wifi."

Daktari akamkalisha chini, akakimbilia ndani, akarudi akamshikia kikombe cha maji yenye chumvi na sukari. Kutoka ndani zilisikika sauti za vijiko, na mtu akiomba aongezewe wali.

"Usimwambie mtu," wifi akasema.

"Kunywa kwanza. Nimeshaita gari la kutupeleka hospitali."